Nusu Kichwa cha Madamu

Wiki ile ya kuelekea Krismasi, saluni ya Vidole haikuwa na mahali pa kukanyaga. Viti vilikwisha, wanawake wakakalia ndoo zilizogeuzwa, na vipande vya nywele za bandia vilitanda sakafuni kama majani baada ya kufyekwa. Jina la Vidole alipewa na wateja kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa na mbio. Alikuwa akisuka huku anatazama nani anapita barabarani, na bado mstari ulinyooka.

Wateja hawakumsumbua. Waliomsumbua ni mawifi, hasa mmoja.

Mume wa Vidole alikuwa fundi bomba, mtu mpole wa maneno machache, aliyeamini kwamba ugomvi wa nyumbani ukijifanya huusikii utalala wenyewe. Fundi huyo alikuwa na dada yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Madamu. Madamu alifanya kazi mapokezi kwenye ofisi fulani, na kazi ya kuwaambia watu "subiri hapo" alikuwa ameipandisha hadhi mpaka ikafanana na uwaziri. Kila Desemba alikuja kusukwa. Hakuja na nywele za bandia, wala mafuta, wala kitana. Mwaka juzi alikuja na rafiki yake. Mwaka jana rafiki naye akaja na dada yake, wakasukwa wote, wakasema "ubarikiwe wifi" na kuondoka wakitikisa vichwa ili zile rasta ziwapige mgongoni.

Safari hii alikuja peke yake, mkesha wa sikukuu, baada ya chakula cha mchana, saluni ikiwa imefurika.

"Samahanini jamani, mimi ni wa hapa hapa," alisema, akapita katikati ya watu kama bibi harusi, akaketi kwenye kiti ambacho mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ndiyo kwanza anakisogelea.

Yule mama akamtazama Vidole. Vidole akatazama dari.

"Nataka ndogo ndogo, wifi," Madamu alisema. "Zifike kiunoni. Kesho kuna watu."

"Wifi, ndogo ndogo mpaka kiunoni ni kazi ya siku nzima, na hawa wamenisubiri tangu asubuhi."

"Wewe si Vidole?"

Vidole akaanza upande wa kushoto. Saa kadhaa baadaye, upande huo ukikaribia kwisha, Madamu akachomeka nyaya za simu masikioni, akampigia shoga yake. Sasa, mtu akiziba masikio hivyo hajui tena sauti yake inafika wapi. Yeye anadhani ananong'ona, kumbe anahutubia.

"Nipo saluni kwa kaka," Madamu alihutubia. "Ndiyo, ni ya kaka, huyu anasimamia tu. Nilipe nini, mtu analipa kwao?"

Akacheka, akamsikiliza mwenzake kidogo.

"Kesho tunakula kwa kaka. Ukoo mzima na watoto wao. Mama nimemwambia apumzike mwaka huu, wifi yupo, si anashinda amesimama hapa anachezea nywele? Hapana, sijamwambia. Nitamwambia jioni. Ukimwambia mapema anakunja uso, halafu unakula chakula kimekunja uso."

Mama mwenye mtoto akanyoosha mkono, akazima mashine ya kukaushia nywele iliyokuwa ikinguruma juu ya kichwa chake mwenyewe. Alitaka kusikia vizuri.

"Mimi nimeshazoea, shoga," Madamu aliendelea. "Kaka angemuoa yule mwalimu, saa hizi tungekuwa mbali. Lakini ndiyo hivyo, mtu akipenda amependa."

Mikono ya Vidole haikusimama. Alimaliza rasta aliyokuwa ameishika, akaibana ncha, akaiweka na nyingine. Upande wa kushoto ulikuwa umetimia, mzuri ajabu, hata adui angesifu. Akachukua kitana, akapitisha mstari kati kwa kati kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, akauchambua upande wa kulia mpaka nywele zikasimama wima zote. Kisha akavua aproni.

Ukweli ni kwamba mchango wa Fundi katika saluni ile ulikuwa beseni la kuoshea nywele. Alilifunga mwenyewe, na lilivuja.

Vidole akamgusa Madamu begani. Madamu akachomoa waya mmoja.

"Umemaliza?"

"Upande wangu nimemaliza."

"Upande wako upi?"

"Saluni ni ya kaka yako, wifi. Kaka yako atamalizia."

Akatundika aproni msumarini, akawageukia wateja. "Mabibi, tunahama. Kila mtu abebe kitana chake."

Wakatoka mmoja mmoja, wakavuka barabara hadi kwenye saluni ya upande wa pili. Mwenye saluni ile na Vidole walikuwa hawasalimiani, tangu siku mwenzake alipobandika kibao kilichoandikwa "Hapa tunasuka bila masengenyo". Alipoona msafara ule unaingia alisimama na brashi mkononi.

"Kuna msiba?"

"Hakuna," Vidole alisema. "Nimeleta wateja, tugawane. Lakini kwanza unisuke mimi."

Akafungua kitambaa kichwani. Mwenzake akatazama kilichokuwa chini yake, akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeletewa mgonjwa kwa kuchelewa.

"Hujasukwa tangu lini?"

"Usiniulize. Suka."

Kabla hajafumba macho, Vidole alimpigia mumewe simu. "Njoo saluni kwako," alimwambia. "Una mteja."

Fundi alifika na mfuko wake wa spana, akijua ni lile beseni. Alimkuta dada yake peke yake mbele ya kioo kikubwa. Upande mmoja alikuwa malkia, upande wa pili alikuwa mtu aliyekimbizwa na nyuki.

"Ni beseni tena?" aliuliza.

"Beseni gani? Mkeo ameniacha hivi. Kamlete."

Fundi akavuka barabara, akachungulia mlangoni. Mkewe alikuwa ameegemea kiti, macho ameyafumba, na mtu mwingine anamsuka. Hakuwahi kumwona amekaa mchana.

"Mama watoto."

"Abee."

"Dada analia."

"Kulia hakuharibu nywele. Mwache."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Waliomjibu ni wale wanawake, wote kwa mpigo, kila mmoja akimsahihisha mwenzake: saluni ni ya kaka, wifi anachezea nywele, chakula kimekunja uso, ukoo mzima kesho.

"Ukoo mzima wapi?"

"Kwako, Fundi. Hukuambiwa?"

"Na yule mwalimu," mama mwenye mtoto akaongeza. "Eti ungemuoa yeye mngekuwa mbali."

Fundi akatua mfuko wa spana. "Yule mwalimu alinikataa," alisema polepole. "Dada hajui."

Kicheko kilichotoka pale kilimfikia Madamu ng'ambo ya barabara, naye hakuhitaji kuambiwa wanamcheka nani. Akampigia mama yake. Akamweleza kwamba ameaibishwa, ametelekezwa, na kwamba mke wa mwanawe amewapanda kichwani.

Mama mkwe alifika kwa hatua fupi fupi za mtu mwenye magoti mabovu na hasira nzima. Aliingia kwanza upande wa Madamu, akamtazama kushoto, akamtazama kulia, akatoka. Akavuka. Vidole akainuka nusu kitini kwa heshima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa, usije ukaharibiwa." Akashusha mkoba. "Wifi yako aliniambia kesho nipumzike."

"Ndivyo wifi alivyosema, mama."

"Mimi nilimwambia nimechoka kuosha vyombo. Kupika sijachoka. Nilimwomba yeye ndiye aje anioshee vyombo, na hilo hakulisema?" Akatafuta kiti, akaketi, akafungua kilemba. "Watu watakula kwangu kama kawaida. Na maadamu nimeshafika, nisukeni na mimi. Mistari mipana, isinivute."

Ikabidi Fundi arudi ng'ambo kumalizia kichwa cha dada yake. Alinawa mikono kwenye beseni lake, maji yakamlowesha viatu, akasimama nyuma ya kiti. Kusuka hakujui, ila kuona ameona kwa miaka, na vitu vinavyozungushwa juu ya vitu vingine anavielewa. Alisuka kama anavyofunga uzi kwenye maungio ya bomba, kwa kukaza mpaka pasivuje.

"Kaka, unaning'oa."

"Vumilia dada. Nikilegeza itafumuka."

Walimaliza giza likiwa limeingia. Rasta za kulia zilitoka nene chache zilizolala mbele, nyembamba chache zilizoangalia juu, na moja nyuma ya sikio iliyokuwa na nia zake yenyewe.

Asubuhi ya Krismasi Madamu alikwenda ibadani na kofia pana kama sinia. Waumini wa nyuma yake hawakumwona mhubiri mpaka walipoinuka kuimba. Mzee wa kanisa alimwendea akamwomba kwa adabu, ama aivue, ama ahamie nyuma. Akahamia nyuma, kwenye benchi la wanaochelewa, na aliposalimiwa aliitikia bila kugeuza shingo, kwa sababu shingo haikuwa inageuka.

Mchana walikula kwa mama mkwe. Vidole alikaa sebuleni na nywele zake mpya, akapewa sahani mkononi, na shangazi wawili wakamuuliza nani kamsuka. Fundi alikula kimya, akinyoosha vidole chini ya meza. Vyombo vilipojaa, mama mkwe alimtazama Madamu tu, Madamu akaenda jikoni.

Vidole alimkuta huko baadaye, alipopeleka bilauri. Mvuke ulikuwa umeilaza kofia, na Madamu alikuwa ameivua. Macho yalikuwa yamevutwa juu mpaka alionekana kama mtu aliyeshtuka tangu jana.

"Usicheke, wifi," alisema.

"Sicheki."

"Sikulala. Sikuweza kufunga macho."

Vidole aliweka bilauri chini, akafuta mikono. Angeweza kurudi sebuleni, na hakuna ambaye angemlaumu. Akavuta stuli kwa mguu.

"Kaa."

Alimfumua zile za pembeni mwa paji la uso, zile tu zilizovuta macho. Nyingine aliziacha zilivyo. Madamu alifumba macho, akayafumbua, akayafumba tena, akapumua kwa nguvu.

"Chai," sauti ya mama mkwe ilitoka sebuleni. "Vikombe viko wapi huko?"

Madamu akainuka, akarudisha mikono kwenye maji kuviosha.