Mfungo wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Josephat Ng'washi alikuwa anafunga mpaka kufa, na asubuhi ile alilalamika kwamba mchuzi haukutiwa ndimu.

"Shemeji, jana uliweka," alisema nyuma ya pazia, akimrudishia Agutu kikombe. "Leo umenisahau?"

Agutu akakamua ndimu. Mchuzi ulikuwa wa minofu ya sangara, umechujwa usibaki hata mwiba mmoja, na uliingia katika hema la mfungo, pale uwanjani, ndani ya chupa ya chai ambayo Luhaga, katibu wa Mheshimiwa, aliwaambia watu ni maji ya dawa ya vidonda vya tumbo. Nyumbani kwa Agutu, Mabatini, watoto walikula mapanki, yale mafupa na vichwa vinavyobaki kiwandani nyama ikishakatwa na kupelekwa Ulaya. Upande wa pili wa pazia, juu ya mkeka, alilala mumewe, Ojuok. Yeye alikuwa anafunga kweli.

Luhaga alimchagua Agutu kwa sababu mke wa mfungaji akiingia na chupa hakuna wa kumshuku. Naye alikubali kwa ahadi moja tu: "Na mumeo atapata." Mumewe aliletewa, akakataa. Ojuok alikuwa Msabato, na aliapa mbele ya umati, Biblia mkononi, kwamba hataonja kitu ila maji mpaka serikali itoe mkoa mpya wa mwambao wa ziwa. Aliamini kwamba mkoa ukija, wavuvi watapanga wenyewe bei ya samaki wao badala ya kupangiwa na wenye viwanda. Aliyemwaminisha hivyo ni Ng'washi.

Na huyo Ng'washi ni nani? Enzi za chama kimoja alikuwa bwana mkubwa wa ushirika wa pamba. Ushirika ukakonda mpaka ukafa, yeye akanenepa. Vyama vingi vilipoingia alihamia upinzani, akasema atazikwa huko. Uchaguzi wa tisini na tano ukamwangusha vibaya, hata kijijini kwao hawakumtaka. Sasa mtu asiye na ushirika, asiye na chama wala kiti, afanye nini? Akagundua kwamba watu wa ziwa wanaonewa. Walikuwa wakionewa miaka yote, naye akiwa mmoja wa waonevu, lakini hilo halikumpunguzia sauti jukwaani. Watu wakampigia makofi. Tusiwacheke sana, mfa maji haachi kutapatapa.

Siku ya sita Ojuok alishikwa na malaria. Alitetemeka mpaka mkeka ukasogea. Agutu alipiga magoti pembeni yake na kikombe.

"Baba Adoyo, kunywa. Kidogo tu."

"Unataka nimdanganye Mungu?"

"Mheshimiwa mwenyewe anakunywa! Mimi ndiye ninayempikia."

Ojuok alimtazama kwa huruma, kana kwamba mwenye homa ni mkewe. "Ile ni dawa ya tumbo, Mama Adoyo. Usimchafue mtu anayekufa kwa ajili yetu."

Agutu akaenda nyuma ya pazia.

"Mheshimiwa, mwambie ale. Wewe atakusikia. Huyu anakufa."

Ng'washi alijifuta mdomo. "Shemeji, kuna mkubwa anakuja kutoka Dar es Salaam kuzungumza nami. Akikuta mmoja wetu amekula, tumekwisha. Mwambie avumilie."

"Avumilie nini?"

"Ukombozi," alisema Ng'washi, akacheua.

Hapo heshima ikamwisha Agutu. Waandishi wa habari walipokuja mchana, na Ng'washi ametolewa nje huku ameshikiliwa kwapani na miguu inaburutwa vizuri kabisa, Agutu alipenya katikati ya watu akafungua chupa, akamimina kikombeni. Harufu ya samaki na ndimu ikaenea.

"Hiki ndicho anachokunywa kila asubuhi!" alipiga kelele. "Anayekufa ni mume wangu!"

Mwingine angetafuta pa kuficha uso. Ng'washi alikipokea kikombe, akakinusa, akafumba macho, kisha akamwaga mchuzi mchangani taratibu.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "mnaona mapenzi ya mama zetu? Ameona njaa yetu, akachukua kitoweo cha watoto wake akatuletea. Asante, mama. Lakini hatuli!"

"Hatuli!" uwanja ukaitikia.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja alimkumbatia Agutu, akamwambia Mungu atamlipa kwa huruma yake. Agutu alijaribu kusema tena, lakini nani angemsikia? Na ndani ya hema, kwa sauti iliyokauka, Ojuok naye aliitikia: hatuli.

Alikufa asubuhi iliyofuata.

Ng'washi alilia, tena alilia kwa ufundi. Mkubwa wa Dar es Salaam alipofika, alimpa glasi ya maji ya machungwa mbele ya kamera, na Ng'washi akatangaza kwamba kwa heshima ya marehemu anasitisha mfungo. Na mkoa? Serikali italiangalia suala hilo. Yeye binafsi, watu walinong'ona, atapewa ukuu wa wilaya huko kusini, mbali na ziwa lolote. Lazima ilikuwa kweli, maana Luhaga alikuwa ameanza kuulizia kama huko kuna baridi.

Pikapu iliyoahidiwa kumpeleka Ojuok kwao Mara ilimbeba Ng'washi kwanza, azungushwe mjini watu wamwone yuko hai.

"Tukimaliza mzunguko tunakuja kumchukua," Luhaga alisema akidandia nyuma.

Umati wote ukakimbia na gari. Kipaza sauti kilisikika kikielekea Mabatini, kikafifia. Agutu alibaki peke yake na mumewe. Jua lilikuwa limeanza kuinama vijana watatu walipokuja na kuanza kufungua kamba za hema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Pole sana. Hema letu linatakiwa kule Pasiansi, kuna harusi."

"Si mngengoja gari lije?"

"Maharusi wameshatoka kanisani, mama."

Walikuwa vijana wenye adabu. Walimzunguka marehemu, hakuna aliyemruka, wakakunja turubai lao wakaenda zao. Jua likampiga Ojuok usoni. Agutu alisogea akasimama upande lilikotoka, ili kivuli chake kimfunike. Kilitosha kichwa tu.