Hapa Vinarudi Vitupu

Jana usiku, ndotoni, nilikuwa napiga mswaki bombani uani kama kila asubuhi, mara bakuli la Bi Mwanakombo likatoka chumbani kwangu kwa miguu yake na kujipanga kwenye foleni ya ndoo.

Ni bakuli la bati lenye maua mekundu na kifuniko. Limekaa kwangu miezi minane. Bi Mwanakombo, jirani yangu wa chumba cha mbele, aliniletea uji ndani yake siku tisa mfululizo nilipougua taifodi. Nilipopona nikaliosha. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo nikapika visheti vya kutia. Vikatoka vigumu hata kuku wa mwenye nyumba akavitazama, akaondoka. Nikasema nitapika vingine. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa minane. Sasa Bi Mwanakombo anahama leo Jumamosi kwenda Pangani kwa binti yake, na mimi nikikutana naye uani nasema shikamoo na kukimbia.

"Wewe Namsifu," bakuli likaniita kwa jina, "tema povu. Unaitwa kazini."

"Leo sina zamu maabara."

"Si maabara. Ni ndani mwako mwenyewe. Juu ya figo, upande wa kushoto."

Bomba likawa korido, nami nikaingia.

Nimesimama katika chumba cha mviringo, chenye ukuta mwembamba wa ngozi. Mlangoni yupo msimamizi asiye na shingo, amevaa koti langu la maabara. Linamkaa vizuri kuliko mimi.

"Ndiwe mwenye mwili?"

"Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba. Tazama ukuta wangu."

Natazama. Vifuko vidogo kama maandazi vinatoka ndani kwa foleni. Kila kimoja kinafika ukutani, kinajibandika, kinafunguka kwa nje na kumwaga mzigo wake kwenye damu. Mzigo ukiisha, ngozi ya kifuko inabaki ukutani kama kiraka, na chumba kinapanuka shubiri moja. Kinakuja kingine. Shubiri nyingine.

"Hiyo ni homoni ya kushtuka," anasema msimamizi. "Imewekwa kwa ajili ya simba na nyumba kuungua. Wewe unaitumia kwa mama wa miaka sitini na mbili anayechambua mchele."

Najifanya nahesabu vifuko.

"Kila asubuhi saa moja kasorobo unapita mlangoni kwake. Unataka kusema jambo. Kengele inalia, tunamwaga, moyo unadunda, viganja vinalowa. Halafu unasema shikamoo. Wafanyakazi wananiuliza huyo simba yuko wapi. Nawaambia anaitwa Bi Mwanakombo."

"Samahani," nasema. "Na ukuta utapanuka mpaka lini?"

"Mpaka ngozi zirudishwe ndani. Zisiporudi, nitakuwa na chumba kikubwa kama kiwanja cha mpira, na sitakuwa na hata kifuko kimoja cha kujaza kesho. Ndiyo maana nina wasusi."

Wasusi wanatoka chini ya sakafu. Kila mmoja ana miguu mitatu na hana kichwa. Wananisalimia kwa mguu wa kati. Wanashikamana miguu, wanasuka tenga chini ya ukuta, na ukuta unabonyea ndani ya tenga mpaka unakuwa kifuko kinachoning'inia kwa shingo. Anakuja bibi mmoja mwenye uzi. Anaizungushia ile shingo uzi, anakaza. Kifuko kinakatika, kinaanguka ndani, wasusi wanafumua tenga na kwenda kusuka kwingine. Kifuko kinajikung'uta na kuelekea jikoni kujazwa upya, kikiwa kitupu kabisa.

Naona aibu kwa niaba yake. "Kinarudi kitupu?"

"Ulitaka kirudi na visheti?" anauliza bibi.

"Visheti vyake nilivibeba usiku mmoja," linasema bakuli, kumbe limenifuata hadi humu. "Nina mkwaruzo mpaka leo."

"Sikiliza, mjukuu wangu," anasema bibi. "Aliyepokea kazi yake ni kurudisha. Kujaza ni kazi ya jiko. Ukikizuia chombo mpaka upate cha kutia, jiko litapika likose pa kupakulia."

Ananionyesha kiraka kimoja chenye maua mekundu. Wasusi wamekisukia tenga mara nyingi, hakibonyei.

"Hicho kina miezi minane," anasema, na kunikabidhi uzi. "Huu haukazwi kwa mkono. Sema unachotaka kumwambia."

Navuta pumzi. "Shikamoo."

Ukuta unabonyea kidogo, unarudi.

"Tena."

"Shikamoo. Habari za asubuhi."

Kengele inalia. Vifuko vinakimbilia ukutani kwa pamoja, vyote vinamwaga, na chumba kinapanuka hadi wasusi wa upande wa pili wanaonekana kama sisimizi.

"Huyu atatupasua," anasema msimamizi, anavua koti langu na kulikunja vizuri, kama mtu anayeacha kazi.

Hapo nikaamka.

Kumekucha, Jumamosi. Bakuli lipo mezani, limetulia. Nikanyoosha mkono kulichukua, nikaona kidole changu cha mwisho kimefungwa uzi mweupe. Fundo lake lina mikia mitatu. Chumbani kwangu hamna uzi, hata sindano sina.

Nje Bi Mwanakombo alikuwa akiwaambia wabebaji, "Taratibu na hilo kabati, limewazidi umri baba zenu."

Nikatoka na kanga ya kulalia, nimeshika bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hee, bakuli langu. Nilidhani limeshaolewa huko." Akafunua kifuniko, akachungulia. "Mbona tupu?"

"Ni tupu."

Moyo ukaanza. Juu ya figo, upande wa kushoto, nilivisikia vifuko vikijipanga foleni. Miguu ikageukia chumbani kwangu. Nikaizuia. Uzi ukanikaza kidole.

"Nilikuwa natafuta cha kutia," nikasema, "na sijakipata. Siku zile tisa mama yangu alikuwa mbali, ukanilea wewe. Sitaki uhame, mama."