Mfuko wa Namba Saba

Mfaume alimwahi mbuzi akiwa bado anahema, akamchinja, la sivyo angekuwa kibudu na nyama yote ingetupwa. Siku tatu mnyama yule alikuwa amevimba kama mtungi, hali wala hacheui. Mwahija alipompasua tumbo nyuma ya jiko, kisu kilikwama kwenye donge. Alilivuta kwa mikono miwili. Ikatoka nailoni tupu, imejisokota mkunjo juu ya mkunjo, na maandishi ya buluu ya Shirika la Chumvi bado yanasomeka.

Akalifumua donge lile taratibu. Mwaka huo Mwahija alikuwa amehitimu kisomo cha watu wazima, na namba alizijua barabara. Kila mfuko ulikuwa na yake pembeni, imegongwa kwa chuma cha moto: tatu, tisa, tisa tena, moja, saba. Kwenye saba mkono ulisita. Saba ilikuwa namba ya meza ya Kudra, mke mwenzake, kule Shirika.

Mfuko wa namba saba aliuosha kwa maji ya kunywa, akaukunja, akaufunga kwenye pindo la kanga. Mingine yote akaitumbukiza chooni.

Tusifichane: wivu ulikuwa umemkaa Mwahija kooni tangu mwaka jana, wala haukuwa wivu wa chumbani. Zamu Mfaume alizigawa kwa haki, hilo hata yeye hakulipinga. Kilichomuuma ni baiskeli. Kabla ya nailoni, chumvi yote iliyotoka kijiji hiki, kati ya Kivinje na Somanga, ilisafirishwa kwenye makanda, mifuko ya kusukwa kwa miyaa, na hapakuwa na mkono uliosuka kanda kuushinda wake. Kila Alhamisi Mfaume alimfungia mzigo kwenye keria, akausukuma mpaka ghalani, njia nzima akitamba kwamba hii ndiyo kazi ya mke wangu. Kanda likiisha chumvi, watu walitilia mahindi. Likichakaa kabisa, liliwashia moto. Hakuna aliyewahi kukuta kanda limemkwama mnyama tumboni.

Nailoni ilipokuja, Shirika likataka wanawake kumi na wawili wa kufungasha. Kudra alichaguliwa siku ya kwanza. Mwahija aliambiwa ana vidole vizito, yeye aliyekuwa akishona ukili bila mshono kuonekana. Tangu hapo baiskeli ikawa ya Kudra, asubuhi kwenda na jioni kurudi, kajipinda ubavu kwenye keria kama bibi harusi, na watu wanamwamkia Mfaume kwa heshima ya mwenye mke wa mshahara. Mwahija akiwa na jembe begani huwapisha njia. Roho inamchoma mpaka anasahau alikokuwa anakwenda.

Jioni ile Kudra alirudi, akakuta ngozi imetandazwa juani.

"Shikamoo, dada. Pole na mbuzi."

"Marahaba."

"Nailoni tena?"

"Unaniuliza mimi?"

Kudra aliketi, akaanza kupaka mafuta ya nazi ncha za vidole. Zilikuwa zimeungua zote. Mdomo wa mfuko hukunjwa juu ya kipande cha msumeno, ukapitishwa kwenye mshumaa mpaka ushikane. Ukizidisha kidogo, umetoboka.

"Ikiungua, msimamizi anatuamuru tuitupe dirishani," alisema. "Siku moja nilimwambia mbuzi wanaila, akanijibu niangalie meza yangu. Kesho mkutanoni nitasema."

Mwahija alisikia vizuri sana. Alijitia kukuna nazi.

Kesho yake alasiri kijiji kizima kilikusanyika mbele ya ofisi. Mwenyekiti, Mzee Likwata, alikuwa ameliandikia Shirika barua tatu, na safari hii Meneja Severini alikuja mwenyewe ndani ya kaunda suti iliyopigwa pasi.

"Ndugu Meneja," Mzee Likwata alisema, "kisima cha bondeni kimejaa nailoni yenu. Tangu mwezi wa Ramadhani tumepoteza mbuzi kumi na mmoja. Mfuko una jina lenu, tena kubwa."

"Ndugu wananchi, Shirika ni mali yenu. Sasa mnamshitaki nani? Mfuko ni wetu ukiwa na chumvi. Ukishanunuliwa, ni wa mnunuzi."

"Iliyoungua haijanunuliwa na mtu. Kamati imekaa. Tunaomba Shirika liiokote na kuichukua, na chumvi ya kuuzwa huku huku irudi kwenye makanda."

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Meneja alifuta shingo kwa leso, akafungua kitabu chake, na akaanza kuandika. Mwahija aliliona lile neno makanda likiandikwa, na moyo ukampanda kwa furaha.

Hapo Kudra akasimama. Alieleza habari ya dirisha, mshumaa na msimamizi, bila kupepesa macho. "Na dada yangu Mwahija yupo hapa," akamalizia. "Makanda yake hayakuua mbuzi wa mtu."

Watu walimpigia makofi. Mwahija hakuyasikia. Alikuwa anamtazama Mfaume, aliyesimama kwenye kundi la wanaume amejaa uso mzima, kama zamani za Alhamisi, ila macho hayakuwa kwake. Hata makanda yake sasa amerudishiwa na Kudra. Alipokuja kujitambua alikuwa amesimama, fundo la kanga limefunguliwa.

"Huyo anayesema ndiye aliyeniulia mbuzi wangu. Namba yake hii."

Kalamu ya Meneja ilisimama.

"Lete hapa, mama." Akaupokea mfuko kwa ncha za vidole, akaugeuza. "Saba. Saba ni nani?"

"Mimi," Kudra alisema.

"Umetupa mfuko wa Shirika?"

"Tuliamrishwa na..."

"Nimekuuliza umetupa au hukutupa."

Kudra alimwangalia Mwahija. Hakumwangalia kwa hasira, na hilo lilimuuma Mwahija zaidi.

"Nimetupa."

"Basi, Ndugu Mwenyekiti, umesikia mwenyewe. Hili si Shirika. Huyu ni mtu." Meneja alikata mstari juu ya yale aliyokwisha kuyaandika. "Nafasi yake imekwisha leo. Na kuanzia sasa kila meza itaokota mifuko yenye namba yake, kila Jumamosi, baada ya kazi. Mama huyu mwenye uchungu na mali ya umma, Jumatatu aje akae meza ya saba."

Habari ya vidole vizito haikutajwa. Wala ya makanda. Watu walitawanyika, na wanawake waliompita Mwahija walivuta kanga zao wasimguse.

Mfaume hakugomba. Jumatatu Mwahija alijipara, akasimama karibu na baiskeli. Mfaume aliitazama baiskeli, akasema tairi limetoboka. Mwahija akaenda kwa miguu.

Mshumaa haukuchagua mtu. Wiki ya kwanza vidole vikatoka malengelenge, wiki ya pili vikafa ganzi. Iliyoungua aliitupa dirishani, maana msimamizi alikuwa yule yule na amri ilikuwa ile ile. Jumamosi alipewa gunia, akaelekezwa kisimani, barabarani, mikokoni. Mifuko mingi ilikuwa imepauka na kushika matope ya zamani.

"Hii si yangu," alimwambia msimamizi. "Ni ya mwaka jana. Ya mwenzangu."

"Imeandikwa jina lake?"

"Hapana."

"Imeandikwa nini?"

"Saba."

"Na wewe ni nani?"

Mwahija alitazama chini. "Saba," alisema.

Gunia lilipojaa, akalipeleka kwenye lango la Shirika. Mlinzi alilizuia kwa rungu.

"Taka haziingii."

"Mifuko ya Shirika hii, baba."

"Shirika halina namba, mama. Mwenye namba aende nayo kwake."

Akaenda nayo. Jumamosi ile na zilizofuata, mpaka mwezi wa Ramadhani ukakaribia tena.

Siku moja alipoingia uani, alimkuta Kudra kwenye jamvi, miguu kainyoosha, anasuka kanda. Miyaa ilikuwa ile iliyobaki kwa Mwahija. Ukili ulikuwa umekwenda upande, kazi ya mtu anayejifunza, na hapakuwa na mnunuzi wa kanda Kilwa nzima. Mfaume alikuwa amechuchumaa pembeni akimchambulia miyaa, mmoja mmoja, akiulainisha kwa mate kabla ya kumpa.

"Shikamoo, dada," Kudra alisema.

"Marahaba."

Vidole vya Kudra vilikuwa vimepona. Mwahija aliviangalia vikipita juu na chini ya miyaa, na wivu ukamrudi wote, mbichi, kwa mwanamke asiye na kazi wala namba. Alitafuta mahali pa kutua gunia la siku hiyo. Ukutani, jikoni, chini ya uchaga, kote magunia ya saba yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni. Akabaki amesimama nalo kichwani.