Benchi la Ndugu

Siku za mechi dada hakushona nguo nyeupe. Aliweka kando magauni ya harusi na mashati ya wanafunzi, akachukua suruali za rangi ya udongo, akavuta stuli karibu na cherehani na kukunja gauni lake hadi magotini lisije likalowa. Saa kumi na dakika kumi na mbili ugoko wake wa kulia ulipasuka, urefu wa kidole. Akasimamisha pedali, akafunga kitambaa, akaendelea na pindo. Mteja aliyekuwa akisubiri suruali yake aliitazama redio iliyokuwa ikitangaza mechi.

"Kaumizwa?"

"Kachezewa rafu. Yeye mzima," dada alisema. "Mimi ndiyo nimechanika."

Mteja akampa pole, kisha akamkumbusha kwamba mfuko wa nyuma aliutaka uwe na kifungo.

Mambo yalikuwa hivyo tangu mdogo wake aanze kucheza mpira wa kulipwa. Kila teke alilopigwa uwanjani lilitua kwa dada, aliyemlea baada ya wazazi kufa. Mdogo mtu halikumwachia hata alama. Watu walimwita Jiwe, na magazeti yaliandika kwamba hajui hofu. Sasa hofu angeitoa wapi? Mtu anayejirusha katikati ya mabeki wanne huku mbavu zitakazovunjika ziko mtaa mwingine, zinashona suruali, huyo mtafutie jina lake, lakini shujaa siyo. Magoli alifunga, tena mengi, na mji mzima ulimpenda.

Alijua? Alijua vizuri sana. Msimu wa kwanza dada alimwonyesha michubuko, naye akaikagua mmoja mmoja, akalia machozi ya kweli.

"Nisamehe, dada. Nitakuwa nawakwepa."

Jumamosi ile aliwakwepa. Akakosa magoli mawili ya wazi, mashabiki wakamzomea mpaka kwenye basi, na wiki iliyofuata akarudia mchezo wake uleule. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jicho lilikwenda kwenye fainali. Krosi ilikuja chini, kipa katoka na ngumi zake, mlingoti nao uko palepale, na Jiwe akaingiza kichwa mahali ambapo mwenye akili zake haingizi hata mwavuli. Goli. Wenzake wakamlalia, naye chini yao anacheka, uso safi. Jirani alimkuta dada sakafuni, paji limefunguka na jicho la kushoto limetoka. Dada alimwomba asogeze kwanza vitambaa vya watu visiingie damu. Kombe lilipoletwa nyumbani alipewa alishike, wakampiga picha upande wa jicho zima.

Jiwe alistaafu akiwa na miaka thelathini na tano, mwili laini kama yai lililomenywa. Dada alikuwa na arobaini na moja, anachechemea, bega moja limeshuka, meno sita hayapo. Alishukuru Mungu. Alidhani yameisha.

Klabu ikamfanya Jiwe kocha, na kocha hufundisha anachokijua. Mchezaji mpya akifika, hakumuuliza anatumia mguu gani.

"Nyumbani nani anakupenda kuliko wote?"

Mmoja alimtaja mke wake, mwingine babu yake. Wa tatu alisema hana mtu, huyo hakusajiliwa. Jina lililotajwa liliandikwa kwenye fomu, na kuanzia hapo maumivu yalijua nyumba ya kwenda. Ndugu walitengewa benchi chini ya jukwaa, lenye mito, ndoo, bandeji na machela mbili. Viongozi walilisifia sana. Walisema klabu nyingine zingewaacha watu wavuje damu majumbani peke yao. Kocha akamwomba dada alisimamie, maana nani angemzidi uzoefu? Dada alikubali kwa sababu moja tu. Alitaka amtoe pale mzima hata mtu mmoja.

Akamchagua mama wa mshambuliaji mpya, mfagiaji wa hospitali, mwanamke mwembamba aliyekuja na viatu vyake vya kazini. Asubuhi ya fainali ya msimu ule dada alimvizia mshambuliaji mwenyewe kwenye korido.

"Mwanangu, hebu nitazame vizuri."

Mshambuliaji akamtazama. Jicho, meno, bega.

"Nimekuelewa, mama," alisema.

Kipindi cha kwanza chote alikaa mbali na mabeki. Timu ikaenda mapumziko bila goli, na mama mfagiaji hana hata mkwaruzo. Dada alifurahi, furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka, akammenyea chungwa. Mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ulikuwa hatua nne kutoka kwenye benchi, sauti zote zikisikika.

"Unamwogopa nani, wewe?"

"Simwogopi mtu, kocha. Namwogopea mama."

Kofi likalia. Mama akayumba kwenye benchi, mdomo umechanika. Likalia la pili, kisha teke, mama akajikunja na kutapika chungwa. Dada akaubamiza mlango kwa viganja vyote viwili mpaka ukafunguliwa.

"Mwache mtoto wa watu. Utamuua mama yake huku."

Kocha alimtazama kwa upole, kama alivyomtazama siku zote.

"Dada, hapa ni kazini," alisema, akafunga.

Dakika ya themanini na nane krosi ikaja. Mabeki walikuwa watatu, njumu juu. Mshambuliaji aliyafumba macho yake, akaingia. Kwenye benchi mtulinga wa mama ulivunjika kwanza, ukifuatiwa na mbavu, na damu ikamtoka puani. Dada akakilaza kichwa chake mapajani. Alikuwa na hasira ya kuua mtu, na mikono yake inatafuta bandeji.

Uwanja ulipolipuka, mama alifumbua macho.

"Amefunga?"

"Amefunga."

"Wa kwangu?"

"Wa kwako."

Mama akatabasamu, akaomba ainuliwe kidogo aone. Dada akamwinua, akaanza kumfunga bega. Kule upande wa pili kocha, kwa furaha, alikuwa anapiga ngumi nguzo ya benchi la ufundi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Vidole vya mkono wa kulia wa dada vikavunjika. Akaihamishia bandeji kushoto, akamalizia fundo.