Kengele Iliyomlilia Maji Safi

Kiwanda cha magodoro kilikuwa na wafanyakazi mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyejulikana kwa kutokunywa kama dereva wa foklifti, lile gari dogo la kunyanyulia marobota ghalani. Tangu aoe, miaka ishirini na miwili, pombe haikuwahi kupita kooni mwake, wala sifa hiyo hakuificha. Wenzake walipokuja kazini na macho mekundu aliwapa mawaidha bila kuombwa. Ndipo wakambandika jina la Maji Safi.

Siku moja mtu aliyelewa aliangusha rafu nzima ya sponji, na meneja akanunua kipima pombe. Kilikuwa kifaa cha mkononi chenye mrija: unapuliza, na kikinusa pombe kinalia. Aliyekifurahia kuliko wote ni Maji Safi. Aliwaambia wenzake kuwa siku za mwizi ni arobaini, na asubuhi ya kwanza akawahi langoni ili awe wa mbele kwenye foleni. Nyuma yake alisimama shemeji yake, kaka wa mkewe, mpakiaji aliyeitwa Pipa kwa sababu zisizohitaji maelezo.

Maji Safi akapuliza. Kengele ikalia.

Mlinzi alikifuta kifaa kwa shati lake, akampa tena. Kikalia tena. Pipa naye akapuliza, kimya. Pipa mwenyewe alishangaa.

Msimamizi wa zamu akamzuia Maji Safi kuendesha foklifti mpaka meneja aamue. Maji Safi alijitetea, akaapa, akaapa tena, lakini kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kufanana na mlevi anayeapa.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba hakuna aliyemcheka. Walimpenda ghafla. Watu waliokuwa hawamsalimu wakaja kumshika bega. Mpishi wa kantini alimwongezea nyama. Mtunza stoo alimshauri, kwa nia njema kabisa, ahamie kwenye kinywaji kisicho na harufu. Fundi umeme alimvuta kando akamwambia asijilaumu, kwani hata yeye huanza asubuhi na kidogo ili mikono isitetemeke.

"Miaka yote tulidhani unatudharau," fundi akasema. "Kumbe wewe ni mwenzetu."

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia, kwa hisani ya Pipa. Mama mkwe alikuwa amekwisha fika na kuketi kwenye kiti kizuri. Alisema yeye alijua zamani, kwa sababu mtu asiye na dosari hata moja amezificha mahali. Mkewe hakugomba. Alimtengea chakula, akasubiri mama yake aondoke, kisha akamwuliza chupa anaificha wapi. Alikuwa ameshatafuta nyuma ya tangi la maji na ndani ya viatu vya mvua.

"Hata wewe?" akauliza Maji Safi.

"Mume wangu, mashine haina ugomvi na wewe. Kwa nini ikusingizie?"

Maji Safi akaisogeza sahani kando. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imewekwa kwenye mizani na mlio wa sekunde mbili, na mlio ulikuwa umeshinda.

Kesho yake alipelekwa kwa nesi wa kiwanda, mama mmoja asiye na haraka. Watu wote walikuwa wamemwuliza amekunywa nini. Huyu alimwuliza ametia nini mdomoni. Maji Safi akafikiri. Wiki iliyopita aling'olewa jino, na daktari wa meno akampa dawa ya kusukutua. Asubuhi ile ya kwanza, kwa heshima ya kifaa kipya, alitaka pumzi yake iwe ya kupigiwa mfano. Alikuwa amesukutua mara mbili hapo hapo kwenye foleni.

Nesi aliiomba ile chupa, akasoma maandishi madogo, akacheka hadi miwani ikamteleza. Dawa ilikuwa na spiriti. Akamwambia asukutue na kupuliza, kengele ikalia. Wakakaa dakika ishirini wakiongea habari za jino, akapuliza tena. Kimya.

Meneja alitaka kulichukulia jambo hilo kama bahati mbaya ya mtu mmoja. Nesi hakukubali. Asubuhi iliyofuata alisimama langoni, na kila aliyeliliwa na kengele akamweka pembeni, akamsubirisha na kumpima upya kwa kifaa kingine. Kengele ililia mara kumi na nne. Baada ya kusubiri, walevi walibaki wanne.

"Basi kifaa ni kibovu," meneja akasema.

"Si kibovu," nesi akajibu. "Katika kila watu ishirini waliokuja bila kunywa kinamkosea mmoja tu. Lakini hapa waliokuja bila kunywa ni karibu mia mbili, kwa hiyo kimewanasa walevi wanne na kimewasingizia watu kumi. Kikilia, aliyepuliza huenda hana kosa lolote."

"Sasa kina faida gani?"

"Kinakuonyesha nani apimwe tena. Nani wa kufukuzwa, hakijui."

Meneja akaweka benchi langoni la kusubiria kipimo cha pili, na akamwomba Maji Safi radhi mbele ya watu. Wenzake walizipokea habari za usafi wake kwa majonzi; mpishi alirudisha nyama kwenye kipimo chake cha kawaida. Fundi umeme alianza kumkwepa, mpaka Maji Safi mwenyewe alipomfuata, akamwambia siri yake haitatoka, na wakaenda wote wawili kwa nesi kuzungumzia ile mikono.

Mkewe aliomba msamaha, kisha akakiri jambo. "Niliumia. Lakini nilifurahi kidogo pia. Kuishi na mtu asiyekosea ni kazi ngumu."

Maji Safi akacheka, na tangu hapo mawaidha yalipungua.

Mama mkwe pekee hakubadili msimamo. Alisema kama mlio uliweza kuwa wa uongo, basi na ule ukimya wa pili nao waweza kuwa wa uongo. Maji Safi alilipeleka hilo kwa nesi ili apate la kumjibu. Nesi akasema kwa kweli mama mkwe ana hoja.