Siku Ambayo Baba Hakula

Baba alikuwa fundi wa kufuli. Funguo zilijaa kibandani kwake, upepo ukipita zinalia. Hadi leo nikisikia mlio huo mahali, nageuka.

Alipoanzishiwa insulini, muuguzi alimweleza kwa lugha ya kazi yake. "Mzee, sukari ya chakula inazunguka kwenye damu, lakini haiingii mwilini ikafanya kazi mpaka ifunguliwe mlango. Insulini ndiyo ufunguo."

Baba akacheka. "Kumbe! Nafungulia mji mzima, mwenyewe nimefungiwa nje!"

Alielewa, ila nusu. Homa ilipomshika na chakula kikawa hakipiti, aliisukuma sindano pembeni. "Sijala. Mlangoni hakuna mgeni, ufunguo wa nini?"

Mama alicheka. Nani angembishia fundi? Hatukujua kwamba ini nalo lina ghala lake, na humwaga sukari hata mtu asipokula, tena zaidi akiugua. Hayo muuguzi alitueleza hospitali, Baba ameshafunikwa shuka hadi usoni.

Sasa mdogo wangu naye anajidunga. Baba alimwita Komeo, kwa ubishi wake. Juzi alishikwa na homa. Nilimkuta amejikunyata chini ya blanketi, sindano iko mezani, haijaguswa.

"Umejidunga?"

"Dada, sijala tangu asubuhi. Mlangoni hakuna mgeni, ufunguo wa nini?"

Nilikaa kitandani. Wakati ule alikuwa mdogo, sikudhani aliyashika maneno yale. Lakini yalitoka vilevile, na sauti ni ya Baba, imekwaruza kwa homa.

"Sema tena," nikamwambia.

"Dada, mgonjwa ni mimi au wewe?"

"Sema tu."

Akasema. Nikafumba macho. Baba alikuwa pale, karibu kabisa, ananukia chuma na mafuta ya mashine. Ningeweza kukaa hivyo mpaka jioni.

Nikayafumbua.

"Mgeni yumo ndani, Komeo. Hakupita mlangoni, katokea ghalani."

Nilimpima kidole, sukari ilikuwa imepanda. Nikampigia muuguzi. Akanitajia kiasi cha kudunga, akasema anywe maji, nimpime tena baadaye, na akianza kutapika nimpeleke mara moja.

Komeo akapandisha fulana, amenuna.

"Ukiniumiza, nitakusemea kwa Baba."

"Nisemee," nikamjibu, nikiishika sindano. "Huenda akaja."