Wimbo Ulioletwa Kunyolewa

Usiku wa kuamkia leo niliota ngoma ya marehemu kaka yangu imenipigia simu. Ilisema nije studio upesi, nije na wembe.

Sikushangaa. Jana mchana Righa, mwimbaji wetu, alikuwa amenieleza jambo hilo hilo kwa lugha yake. Bendi yetu ya roki hapa Voi inamalizia albamu ya kwanza. Kaka yangu Mwadime alirekodi ngoma za nyimbo zote, kisha akafa kabla hatujatia magitaa. Kila wimbo unaanza na sauti yake akihesabu, moja, mbili, tatu, nne, ili tuingie pamoja.

"Wakesho, dada yangu," Righa aliniambia, "hesabu hukatwa, ndivyo albamu zinavyotengenezwa. Kesho uikate wewe. Mimi siwezi."

Mimi nami siwezi. Mwadime hakuwa mtu wa maneno, na sauti yake niliyobaki nayo ni hiyo tu.

Basi ndotoni nafika studio na wembe wangu. Magodoro tuliyoyapigilia ukutani yanakoroma. Righa anapaza sauti kama kawaida, "Kimya studio!" na Kimya anaingia. Ni mzee mrefu mwenye koti na kofia. Namwamkia, "Shikamoo." Haitikii. Namsamehe, ndiyo kazi yake.

"Ngoma kwanza, wengine tufuate," anasema Righa, maana hiyo ndiyo kanuni ya kurekodi. Ngoma inainuka, inatoka mlangoni, nasi tunaifuata. Nje si Voi tena. Ni uani kwa mama, Wundanyi, siku ya kuondoa matanga. Ngoma inapakuliwa chakula kwanza, inakula bila haraka. Gitaa langu linaninong'oneza kwamba lina njaa. Naliambia lingoje zamu yake.

Chakula kikiisha, mtambo wa kurekodia unasimama mbele ya watu.

"Matanga yameisha. Waliofiwa wananyolewa. Wimbo wa kwanza uletwe."

Wimbo unaletwa. Ni mtu mfupi mwenye haya, na kichwani ana nywele nne tu.

"Kinachotangulia wimbo si wimbo," unasema mtambo. "Nyoa."

Nagusa unywele wa kwanza. "Moja," unasema, kwa sauti ya Mwadime. Wa pili unasema, "Mbili." Namwuliza mama kama ninyoe.

"Mwanangu, wewe tulikunyoa," anasema mama, "na bado unalia."

Nageukia ngoma. "Nikinyoa, atakuwa amekwenda kabisa?"

"Amekwenda," inasema ngoma, ikijifuta mdomo. "Sasa wewe ndiye usiyejulikana kama utaingia."

"Na nisiponyoa?"

"Utakaa maisha yako yote ukingoja akuhesabie. Ng'oa mmoja tu, wa mwisho. Huo ni wako."

Naung'oa. Wimbo hausemi kitu. Ninayepiga ukelele ni mimi. Kimya anavaa kofia yake vizuri, anaaga kwa kichwa, anakwenda zake.

Nikaamka. Asubuhi nilimkuta Righa studio, amekaa mbele ya mtambo, chai yake imepoa.

"Ulikuja hapa usiku?" aliniuliza.

"Sikutoka nyumbani."

"Basi sikiliza."

Akafungua wimbo wa kwanza. Moja, alisema kaka yangu. Mbili. Tatu. Halafu pakawa na pengo la neno moja, ndipo ngoma zikaingia. Akafungua wa pili, akafungua wa tatu. Ni vivyo hivyo.

"Nani amekata nne?" Righa aliuliza, macho mekundu. "Sasa tutamrudisha vipi?"

Nililia pale pale, wala sikujificha. Nilipomaliza nikavaa gitaa, nikamwomba awashe maikrofoni, aurudishe wimbo mwanzo.

Moja, alisema Mwadime. Mbili. Tatu.

"Nne," nikasema, nikaingia.